Kuponi ya miezi sita, kodi ya miezi sita

Julai 2024

Mradi ni huu: mimi na mume wangu tunataka nyumba yetu ifike mahali inaendeshwa na mali tulizoweka, mshahara uje au usije. Tumejipa miaka 15. Shajara hii naiandika kwa ajili ya wenzetu wanaoishi hapa Dar es Salaam kwa vipato vya kawaida. Hesabu nyingi za uhuru wa kifedha zinazosambaa zimepigwa kwa maisha ya Marekani, na mtu wa Tabata au Mbagala akizichukua zilivyo atakata tamaa kabla hajaanza.

Naanza na kinachoingia. Nimeajiriwa kwenye ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari, mshahara wa msingi shilingi 1,200,000 kwa mwezi. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 120,000, na mwajiri anachangia kiasi hicho hicho. Kodi ya mapato inapigwa kwenye 1,080,000 inayobaki: ukivuka milioni moja unalipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kilichozidi, kwa hiyo kwangu ni 152,000. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 180,000. Kinachonifikia mkononi ni 748,000. Nawasihi wenzangu wasome karatasi ya mshahara mstari kwa mstari. Kila mstari una mwenyewe na una mwisho wake, na kuna mmoja kati ya hiyo utakaotusaidia sana baadaye.

Mume wangu ni fundi wa viyoyozi na friji. Kipato chake kinafuata jua. Novemba hadi Machi simu haikai mezani, anatoka Masaki anakwenda Kariakoo, anarudi usiku. Kipupwe kikiingia watu wanazima viyoyozi na kazi inabaki ya friji za mabucha na za mama lishe. Ukichukua mwaka mzima na kugawa, anapata kama milioni moja kwa mwezi, ila hakuna mwezi hata mmoja unaofanana na huo wastani. Kwa nyumba kama yetu bajeti ya mwezi haitoshi, inabidi tupange kwa mwaka.

Sasa kinachotoka kwa mwezi. Kodi ya nyumba 250,000. Chakula pamoja na gesi 420,000. LUKU 40,000, maji 20,000. Nauli za daladala, mwendokasi na mafuta ya pikipiki ya kazi 110,000. Shule 150,000 ukigawanya ada ya mwaka mzima, maana mkubwa yuko shule ya serikali isiyo na ada lakini mdogo tumempeleka shule binafsi. Bando na vocha 40,000. Dawa na vipimo ambavyo bima ya kazini haivigusi 30,000. Nguo, sadaka na mambo madogo ya watoto 90,000. Kisha kuna mistari mitatu ambayo vikokotoo vya mitandaoni havina nafasi yake: mama yangu Korogwe 80,000, mama mkwe 50,000, michango ya misiba, harusi na kipaimara 70,000. Jumla 1,350,000 kwa mwezi, milioni 16.2 kwa mwaka.

Hiyo mistari mitatu ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi mezani. Kuna ushauri unaosambaa sana siku hizi kwamba ndugu ni tundu kwenye mfuko, ulizibe kwanza ndipo utajirike. Siukubali. Mama aliuza mihogo na maharage nikasoma. 80,000 yake ni matumizi ya nyumba hii sawa na LUKU, na mpango wa uhuru usioihesabu utavunjika mwezi wa kwanza baada ya kuacha kazi, kwa sababu mama atakuwa bado yupo na bado anakula. Kwa hiyo imeandikwa, na itawekewa mtaji wake.

Agosti 2024

Mwezi huu tulikuwa tunatafuta namba. Inahitajika kiasi gani?

Kanuni inayonukuliwa kila mahali ni ya asilimia 4. Chanzo chake ni William Bengen, mshauri wa fedha wa California, aliyeandika mwaka 1994 baada ya kuchambua masoko ya Marekani kuanzia 1926. Aliuliza mstaafu mwenye hisa na hatifungani (karatasi za kuikopesha serikali) za Marekani, karibu nusu kwa nusu, anaweza kutoa kiasi gani kila mwaka kwa miaka 30 bila fedha kumwishia. Jibu lake lilikuwa takriban asilimia 4 ya mtaji mwaka wa kwanza, halafu kiasi hicho kinaongezwa kulingana na mfumuko wa bei. Geuza upande wa pili, unapata matumizi ya mwaka mara 25. Kwetu ni milioni 405.

Mume wangu aliiangalia hiyo namba akanyamaza. Nikamwambia asubiri.

Tanzania serikali inakopa kwa hatifungani za hadi miaka 25. Ile ya kwanza ya miaka 25, iliyotolewa mwaka 2021, ilikuwa na kuponi, yaani riba isiyobadilika anayolipwa mwenye hatifungani, ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 kuponi ya miaka 25 ikashushwa hadi 12.56. Riba hiyo haikatwi kodi, tofauti na riba ya akaunti ya benki inayokatwa asilimia 10. Ukichukua hiyo ndogo, 12.56, milioni 16.2 kwa mwaka inahitaji mtaji wa milioni 129 tu. Kutoka 405 hadi 129! Wengi wanaishia hapa, wanafurahi, wanaanza kuhubiri.

Lakini kuponi haikui. Ukinunua leo, mwaka 2047 serikali itakulipa shilingi zile zile. Bei zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, ambayo ndiyo hali ya miaka ya karibuni, baada ya miaka 25 kilichonunuliwa kwa 1,000 kitahitaji zaidi ya 2,000. Na hatujasahau kwamba Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 19.8. Mwaka kama ule, mwenye kuponi ya 12.56 anapungukiwa huku benki ikimwonyesha riba imeingia.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Katika 12.56, tatu haziliwi. Zinarudi kununua nyingine ili mtaji ukue na bei za sokoni. Zinabaki 9.56 za kula. Milioni 16.2 gawanya kwa hiyo, unapata karibu milioni 170 kwa thamani ya shilingi ya leo. Tumeandika 170 kwenye daftari, kwa kalamu ya risasi, kwa sababu kuponi za miaka ijayo hatuzijui. Aliyezoea 15.95 mwaka 2021 aliona mwaka mmoja baadaye jinsi zinavyoweza kuanguka. Hiyo pia ndiyo sababu hatutaweka kila kitu kwenye karatasi za serikali.

Ile mistari mitatu ya ndugu na michango ni 200,000 kwa mwezi, milioni 2.4 kwa mwaka. Peke yake inahitaji mtaji wa milioni 25. Ni vizuri kuijua bei yake. Kikokotoo kisichokuuliza habari za mama yako kinakupunguzia lengo kwa milioni 25 bila kukuambia.

Septemba 2024

Milioni 170 ni mlima usioonekana kilele. Ukipima maendeleo kwa kuangalia rundo la fedha, miaka mitano ya kwanza utajiona hujasogea. Nilikuwa natafuta kipimo kingine, na nikakipata kwenye mkataba wa nyumba tuliyopanga.

Dar es Salaam wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hatifungani za serikali zinalipa kuponi kila baada ya miezi sita. Zile mbili zinakutana! Tangu hapo tumeacha kuulizana tuna shilingi ngapi, tunaulizana ni bili gani imeshaachana na mshahara. Kwanza LUKU, kisha maji, kisha mama, kisha kodi ya nyumba, na kuendelea hadi chakula, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote na tumekiweka mwisho. Kila bili ina bei yake ya mtaji. LUKU ni 480,000 kwa mwaka, kwa kuponi nzima ya 12.56, bila kutoa zile tatu za mfumuko wa bei, inataka kama milioni 3.8. Mama anataka milioni 7.6. Kodi ya nyumba, milioni 3 kwa mwaka, inataka karibu milioni 24. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuzifuata hesabu hizo, na wetu anazifuata.

Tulikuwa na milioni nane na nusu za miaka iliyopita, sehemu kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na sehemu benki. Milioni 4, matumizi ya miezi mitatu, tumeziacha Ukwasi kama akiba ya dharura. Napenda mfuko huo kwa kazi hiyo: huna gharama ya kuingia wala kutoka, fedha zinapatikana ndani ya siku chache za kazi, na hazikai karibu na simu kiasi cha kuliwa na haraka za jioni. Kwa walio na wasiwasi wa benki kuanguka, Bodi ya Bima ya Amana sasa inamlinda mwenye akaunti hadi 7,500,000 kwa kila benki. Zamani ilikuwa 1,500,000. Lakini kinga hiyo ni ya amana za benki, vipande vya mfuko wa uwekezaji havimo. Nimeulizwa swali hilo na wenzangu ofisini na wengi walidhani ni kitu kimoja.

Fedha iliyobaki tumenunua hatifungani. Kuna milango miwili. Wa kwanza ni mnada wa Benki Kuu, ambapo zabuni ya chini ni shilingi milioni moja na unapitia benki au dalali wa soko la hisa aliyeidhinishwa, akufungulie akaunti ya hifadhi ya dhamana. Wa pili ni soko la upili, unamnunulia mtu anayeuza ya kwake kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Sisi tumeingia mlango wa pili, tukachukua ile ya 2022 ya 12.56 yenye thamani ya milioni 5.

Hapa ndipo wageni wanapochanganyikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Bei inasemwa kwa kila shilingi 100 za thamani. Hatifungani mpya zilipoanza kutoka na kuponi kubwa zaidi, hakuna aliyetaka ya 12.56 kwa bei kamili, ikashuka chini ya 100. Tumelipa pungufu ya milioni 5, ila kuponi inahesabiwa kwenye milioni 5 kamili, na 2047 serikali inarudisha milioni 5 kamili. Ikiwa ungetaka ya 15.95 ungelazimika kulipa zaidi ya 100, na hiyo ziada huipati tena mwishoni. Kwa hiyo usimuulize dalali "kuponi ni ngapi" peke yake. Muulize mapato halisi hadi kuiva, yaani hadi siku serikali inaporudisha mtaji, kwa bei ya leo, muulize kamisheni, na muulize riba iliyokwisha limbikizwa tangu kuponi ya mwisho, kwa sababu hiyo unamlipa muuzaji siku unayonunua na inakurudia kuponi ikitoka.

Kuponi yetu itakuwa 628,000 kwa mwaka, 314,000 kila nusu mwaka.

Oktoba 2024

Deni la bodi ya mikopo limekwisha.

Miaka mitatu nyuma tulijadiliana kama tuharakishe kulilipa. Wakati ule ndipo ile tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka ilikuwa imefutwa, mwaka 2021. Deni lisiloongezeka halina haja ya kukimbizwa. Kila shilingi ya ziada ilikuwa na faida zaidi ikikaa kwenye vipande kuliko ikipelekwa bodini kabla ya zamu yake. Mwenye deni la namna hii leo ningemshauri vivyo hivyo: acha makato ya kisheria yaende, fuatilia salio lako mwenyewe, na likikaribia sifuri wahi kuomba barua ili mwajiri asitishe.

180,000 hiyo imehamishwa siku ile ile. Nimeweka agizo la kudumu benki, kila tarehe ya mshahara inakwenda Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, ambao unaanza na 50,000. Anayeingia na milioni 10 anaweza kuchagua kulipwa gawio kila mwezi. Sisi tuko kwenye mpango wa kukuza. Mkono wangu haujawahi kuishika ile fedha kwa miaka yote ya kazi, na nyumba haikuwahi kuijua. Ingeingia jikoni hata miezi miwili tu, kuitoa kungehitaji kikao.

Desemba 2024

Tumevunja kikoba. Hisa zangu na faida ya mikopo tuliyokopeshana imekuja milioni 2.6. Karibu nusu inasubiri ada ya Januari. Nyingine tumenunua hisa 2,000 za benki ya CRDB kupitia Hisa Kiganjani, programu ya simu ya Soko la Hisa.

Hisa ndizo tunazozitegemea dhidi ya ule mfumuko wa bei niliousema Agosti. Kampuni inaweza kupandisha gawio bei zikipanda, hatifungani haiwezi. CRDB ilipouza hisa kwa umma mwaka 2009 bei ilikuwa 150, NMB mwaka 2008 ilikuwa 600, na waliovumilia wanajua walichovuna. Lakini hisa zinashuka pia, na gawio si ahadi. Kwa hiyo hakuna bili tuliyoiegemeza kwenye hisa. Gawio likija linanunua hatifungani.

Kikoba tunaendelea nacho mwaka ujao. Faida yake ni nzuri, ila kinachonibakiza ni mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, na wale akina mama. Mtu akifiwa saa nane usiku, hakuna taasisi ya fedha itakayofika kabla yao.

Januari 2025

Ada, sare, madaftari. Hakuna kilichowekezwa zaidi ya agizo la kudumu. Joto ni kali na mume wangu ana kazi hadi Jumapili.

Machi 2025

Kuponi ya kwanza imeingia: 314,000. Tumeihamishia Ukwasi na kuipangia kazi. 240,000 ni LUKU ya miezi sita, 74,000 inakwenda kwenye maji. Umeme wa nyumba hii tangu leo haudaiwi mshahara wa mtu.

Kuna aliyeniuliza: si bora kuponi irudi yote kununua nyingine, mtaji ukue haraka? Inarudi. Kuponi ikilipa LUKU, ile 40,000 ya kila mwezi niliyokuwa naitoa kwenye mshahara inakwenda kuwekezwa. Kwenye hesabu ni kitu kimoja. Tofauti iko kwetu wenyewe. Mume wangu ananunua umeme, anaona zile tarakimu ishirini za tokeni, na anajua zimetoka wapi. Mradi wa miaka 15 unahitaji kitu cha kuonekana njiani.

Msimu wa joto ulikuwa mzuri kwake. Kwa fedha za msimu tumeongeza hatifungani ile ile, thamani ya milioni 3. Sasa tuna milioni 8, kuponi 502,400 kila nusu mwaka. Kuponi ijayo itabeba LUKU na maji yote, 360,000, na 142,400 itakayobaki inaanza kazi kwa mama.

Nilimpigia kumweleza. "Shikamoo mama." Nikamwambia kuna fedha inaandaliwa ambayo itamfikia hata siku nitakapokosa kazi. Aliuliza swali moja tu: "Na mkiwa na shida ninyi wenyewe mtakula nini?" Nikamsomea orodha ya bili, akataka nirudie ya chakula.

Aprili 2025

Masika, na msiba. Baba mdogo amefariki Muheza. Nauli za familia, rambirambi, siku za mume wangu bila kazi huku mvua ikiwa imeshapunguza simu za wateja. Mstari wa michango ulikuwa na akiba ya miezi iliyopita, mfuko wa jamii wa kikoba ukaleta mchango wake, na 600,000 tumetoa Ukwasi. Hatujauza hatifungani hata moja, na hatujakopa.

Kukopa kulikuwa karibu. Ujumbe wa mikopo ya haraka unaingia kwenye simu kila siku, na jirani yangu mmoja amebanwa na kausha damu hadi ameuza friji. Hata wakopeshaji wa daraja la pili (wasiopokea amana) wenye leseni ya Benki Kuu wanaruhusiwa kutoza hadi asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ni 42 kwa mwaka bila kupiga riba juu ya riba. Wasio na leseni wanatoza wanavyojua. Hakuna hatifungani, hisa wala mfuko niliowahi kuuona hapa unaoweza kushindana na hiyo. Mtu mwenye deni la namna hiyo asiniulize anunue hatifungani ipi. Alimalize kwanza, aweke akiba ya dharura, ndipo tuzungumze.

Mei 2025

Mwezi wa mabishano ya kiwanja. Kaka yangu amekuja na habari za viwanja vya Chanika. "Dada, hizo za kwenye makaratasi huzioni. Kiwanja unakikanyaga." Mume wangu yuko upande wake, na kwa haki, nami nimewasikiliza.

Hesabu yangu ni hii. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu pamoja na kiwanja, kwa makadirio ya mafundi tuliowauliza, itatula milioni 45 kabla ya uzio. Itatuondolea kodi ya milioni 3 kwa mwaka. Milioni 45 hizo hizo kwenye kuponi ya 12.56 zinaleta milioni 5.6. Nyumba inahitaji matengenezo, na Chanika inaongeza nauli na saa za foleni kwa mtu anayefanya kazi bandarini. Kwa fedha inayoingia mkononi, kupanga kunashinda.

Lakini kodi ya nyumba inapanda na kuponi haipandi. Mwenye nyumba anaweza kutaka chumba chake kwa ajili ya mwanaye, ukaanza tena kumtafuta dalali na kumlipa kodi ya mwezi mmoja kwa kazi yake. Na kuna uzee. Sitaki nikiwa na miaka 70 niwe nahesabu miezi sita ya mtu. Hapo mume wangu ana hoja ambayo jedwali langu haliwezi kuifuta, nami nimemwambia hivyo.

Tumekubaliana: kiwanja kitanunuliwa kwa fedha za msimu wa joto ujao, bila kugusa hatifungani, na kiwe kimepimwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 unachopewa ni haki ya kumiliki kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na ushahidi wake ni hati. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana, haikwambii kama aliyekuuzia alikuwa na cha kuuza wala kama barabara haitapita hapo. Upekuzi ufanywe ofisi ya ardhi kabla shilingi haijatoka. Kaka amesema tunachelewa, bei zinapanda. Zipande.

Kujenga tutaanza bili tatu za mwanzo zikiwa zimekamilika.

Juni 2025

Gawio la CRDB la mwaka 2024 ni shilingi 65 kwa hisa, mwaka uliotangulia lilikuwa 50. Hisa 2,000 zimeleta 130,000, kampuni zilizoorodheshwa sokoni gawio lake linakatwa asilimia 5, tumepokea 123,500. Imekwenda kwenye vipande.

Mali zilipo sasa: hatifungani za thamani ya milioni 8, hisa 2,000, vipande vya Mfuko wa Hatifungani vya zaidi ya milioni moja na nusu, Ukwasi milioni 3.4, ambayo tunairudisha hadi 4 kabla ya kitu kingine chochote. Kuponi na gawio kwa mwaka vinafika milioni 1.13, karibu asilimia 7 ya matumizi yetu.

Je, miaka 15 inatosha? Tukiweka 580,000 kwa mwezi, na mapato yakikaa kwenye asilimia 12, tutakuwa na karibu milioni 260 kutokana na michango mipya peke yake. Lengo la 170 likipandishwa kwa mfumuko wa asilimia 3 kwa miaka hiyo linakuwa karibu 265. Kwa hiyo yanakaribiana, na kilichopo tayari kinaziba pengo. Mapato yakishuka hadi 9, michango hiyo inaleta kama milioni 204, na tutahitaji miaka mingine kadhaa au tuishi kwa pungufu. Nimeziandika zote mbili kwenye daftari, ukurasa mmoja.

Kuna jambo ambalo jedwali halijalibeba vizuri: bima ya afya. Sasa tunatibiwa kwa bima ya mwajiri wangu, siku nitakayoondoka inakwenda nayo. Lazima iingie kama bili ya familia nzima, na itasogeza lengo mbele ya 170. Jingine ni NSSF. Mimi nikitimiza miezi 180 ya michango nitakuwa na pensheni, kwa hiari kuanzia miaka 55 au kwa lazima 60, na nikiacha kazi kabla ya hapo hatifungani zinatakiwa kubeba kipindi cha katikati. Mume wangu hana kitu huko. Sekta isiyo rasmi wanapokelewa kwa kuchangia wenyewe, na Jumatatu tunakwenda kumwandikisha, aanze wakati huu wa kipupwe ambao ana nafasi. Michango yake itatoka kwenye 580,000, jedwali litapigwa upya Julai.